Kicheko na Asiyekuwapo

Msomaji, ukipata kupita Milimani, mtaa uliopanda miinuko ya Nakuru kuelekea Menengai, saa ya jioni jua linapotua na ziwa kule chini likang'aa kama sinia ya bati, utaona jambo ambalo lingaliwashangaza wazee wetu. Kijana anatembea peke yake kando ya barabara. Hakuna mtu mbele yake wala nyuma yake. Mara anasimama, anajishika mbavu, na kuangua kicheko. Zamani mtu aliyecheka peke yake njiani alionewa huruma, na ndugu zake waliulizwa kama amekwisha kupelekwa kwa mganga. Siku hizi hakuna ageukaye kumtazama. Kila mtu ajua kwamba masikioni mwa kijana yule mna vidude viwili vya kusikilizia, na ndani ya vidude hivyo mna watu watatu au wanne wanaozungumza na kufanyiana mzaha, na kwamba leo ni siku ya toleo jipya.

Mazungumzo ya namna hiyo huitwa podikasti. Jina lenyewe si la kale. Mwandishi wa habari Mwingereza, Ben Hammersley, alilichapisha katika gazeti la The Guardian mwezi wa Februari 2004, alipokuwa akitafuta neno la kuiita redio mpya ambayo msikilizaji huichukua kutoka katika intaneti na kuisikiliza saa atakayo. Katika nchi yetu podikasti zimezagaa hasa tangu miaka ya mwisho ya 2010. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na wanafunzi wangu huzisikiliza zaidi kuliko wanavyosoma riwaya. Nami nakiri kwamba ziko siku ambazo nafanya kama wao. Kwa hiyo nimeona yafaa tuzihakiki, hasa zile za kuchekesha na kupiga soga, kama tunavyohakiki tamthilia darasani. Mhakiki ni kama mpepetaji: hutikisa ungo, makapi yakaruka na punje zikabaki, na mpepetaji asiyetaka punje hana sababu ya kushika ungo.

Tuanze na punje. Podikasti imempa msikilizaji uhuru wa saa. Redio ya zamani ilimngojesha mtu, na kipindi kilichopita ukiwa kisimani au shambani kilikuwa kimekupita. Sasa kipindi ndicho kimngojeacho mtu. Kadhalika imewapa wasemaji uhuru wa mlango. Hadi katikati ya miaka ya 1990 sauti za redio katika Kenya zilitoka katika shirika moja la serikali, lililoitwa Sauti ya Kenya na baadaye, tangu 1989, KBC. Aliyetaka kusikika alipita katika mlango huo mmoja, na bawabu wake alikuwa mkali. Leo marafiki wawili wenye kipaza sauti, chumba kitulivu, na blanketi la kuzuia mwangwi, waweza kusikika Nakuru, Muscat na Minneapolis kwa siku moja. Tena wana uhuru wa lugha: hakuna mhariri wa kuwaambia kwamba Sheng haifai hewani, au kwamba sentensi iliyoanza kwa Kiswahili lazima imalizike kwa Kiswahili.

Matunda ya uhuru huo si haba. Adelle Onyango, aliyekuwa mtangazaji wa redio, alianzisha Legally Clueless mwaka 2019, na humo akawaachia kipaza sauti watu wasio mashuhuri wasimulie maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe. Mwafreeka, katika Iko Nini, aliketi na wanamuziki na watu wengine wa mjini wakaongea pasipo haraka, kama watu waliokutana kwa kinyozi. Ng'ambo ya mpaka, Salama Jabir wa Tanzania, katika Salama Na, ameonyesha kwamba mahojiano marefu yaweza kufanywa kwa lugha yetu na msikilizaji asichoke. Eli Mwenda na Oscar Koome, katika Mantalk.Ke, wamejadili uanaume; Murugi Munyi na Lydia K.M., katika The Messy Inbetween, wamejadili maisha ya wanawake. Mengi ya mazungumzo hayo ni ya watu wazima, na mimi kama mwalimu sikutumi ukayasikilize yote. Nayataja ili ujue kwamba katika ungo huu punje zimo, na kwamba mambo ambayo wazazi wengi huyakwepa mezani yamepata mahali pa kusemwa kwa utaratibu na kwa kicheko.

Sasa tuje kwenye makapi. Kasoro ya kwanza ni ya ufundi. Mchekeshaji wa jukwaani ana uso, mikono, miguu na nguo za kumsaidia. Mchekeshaji wa sauti ana sauti peke yake. Kwa sababu hiyo ana sharti moja asiloweza kulivunja bila hasara, nalo ni kwamba asicheke kabla ya msikilizaji. Katika podikasti nyingi sharti hili huvunjwa kila dakika. Mmoja hutaja nusu ya kisa ambacho wenzake wanakijua tokea zamani; wote huangua kicheko; mmoja hupiga meza; mwingine husema kwamba amekufa. Sisi tulio nje tumeachwa na nusu ile ya kisa mkononi. Tu kama mgeni aliyefika karamuni akakuta sahani zinaoshwa na watu wanajisugua matumbo. Kasoro hii ina ndugu yake, yaani urefu usio na kazi. Toleo la saa moja na nusu laweza kuwa na nusu saa ya salamu, ya kuulizana juma lilikwendaje, na ya kusifu bidhaa ya mdhamini. Mwandishi hukata maneno, mshonaji hukata kitambaa. Mwenye podikasti naye hana budi kujifunza kukata.

Linganisha na mabingwa wa zamani. Wengi wenu mmesikia habari za Mzee Ojwang, na baadhi yenu mmemwona katika vipindi vya kale vya Vitimbi, vilivyoonyeshwa na KBC. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Benson Wanjau, na alifariki Julai 2015. Mimi nilimtazama tangu utotoni, na sikumbuki hata mara moja nilipomwona akicheka mzaha wake mwenyewe. Ojwang alikuwa na uzito wa hakimu. Aliingia nyumbani kwake kwa hasira ya mtu aliyeonewa na ulimwengu mzima, akatoa hukumu juu ya jambo asilolijua, na kadiri alivyojiheshimu ndivyo sisi tulivyogaagaa sakafuni. Kicheko alituachia sisi, kama mwenyeji amwachiaye mgeni mnofu.

Walakini kasoro ya ufundi ni ndogo, na hurekebishwa kwa mazoezi. Iko kasoro ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ili uielewe, fikiri kwanza juu ya njaa ya toleo jipya. Wenye podikasti wamewaahidi wasikilizaji wao kwamba kila juma, siku fulani, watapata kicheko kipya. Katika majuma ya kwanza kazi ni rahisi: wanasimulia vituko vya utotoni, adhabu za shuleni, safari ya kwanza ya matatu kwenda Nairobi. Lakini maisha ya mtu wa miaka ishirini na mitano si ghala lisilokwisha. Baada ya miezi michache kuni zao wenyewe zimeteketea, na sufuria ingali mekoni. Hapo mkono huenda kwenye kuni zilizo karibu na zisizo na mwenyewe wa kuzitetea: yaya wa jirani, bawabu wa usiku, msichana aliyetoka kijijini juzi, mama mkwe, mtu mnene, na zaidi ya wote mtu wa kabila jingine na matamshi yake. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika chumba kile chenye blanketi ukutani, watu hawa ndio wasiokuwapo.

Yafaa tukumbuke kwamba watu wetu hawakuanza kuchekana jana. Walikuwa na utaratibu wa jambo hilo, na jina lake ni utani. Katika Tanganyika utani ulifunga makabila mazima: Wazaramo na Wanyamwezi walikuwa watani, na Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, walikuja kuwa watani pia. Mtani angeweza kumtukana mtani wake mbele za watu, akamnyang'anya kofia, akamfanyia dhihaka hata matangani, na hapana aliyekasirika. Hapa kwetu, katika makabila mengi, babu na mjukuu hutaniana kwa namna ambayo baba na mwana hawathubutu. Mtu asiyejua angedhani kwamba utani ni ruhusa ya kusema lolote. La hasha. Utani ulikuwa na sheria. Ulikuwa kati ya watu wanaojuana kuwa watani, na mpita njia hakutaniwa. Aliyetaniwa alikuwa na haki ya kujibu papo hapo, tena kwa neno kali zaidi kama analo. Na mtani aliyekucheka ndiye aliyekuja kukusaidia ulipofiwa. Ondoa haki ya kujibu na wajibu wa kusaidia, kinachobaki ni dharau iliyovaa kanzu ya utani.

Mchezo wetu mmoja mashuhuri uliijenga sheria hiyo katika umbo lake. Nausema Vioja Mahakamani, uliotazamwa nchini kwa miongo kadhaa. Tazama jinsi ulivyopangwa. Yuko hakimu, yuko kiongozi wa mashtaka, yuko mshtakiwa kizimbani. Mshtakiwa mara nyingi ni mtu wa chini, mwizi wa kuku au mlevi, na Kiswahili chake kimepinda kwa lugha ya mama yake. Tunamcheka, naam. Lakini mahakama ni mahali ambapo kila mtu lazima asikizwe, na mshtakiwa yule huulizwa ana nini la kujitetea. Hapo ndipo mchezo unapopamba moto. Hujibu, hupinda sheria, humuuliza kiongozi wa mashtaka swali lisilo na jibu, hata hakimu akalazimika kugonga meza. Kicheko kilichoanza juu ya mshtakiwa kimegeuka kuwa kicheko pamoja naye. Akihukumiwa, huenda gerezani akiwa mtu kamili na si sanamu la kabila.

Hivyo hivyo kwa Ojwang. Alizungumza kwa matamshi ya Kijaluo, na yeye Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyecheza Mama Kayai mkewe, ni Mluhya. Ukiyasikia hayo leo waweza kuuliza: je, hao hawakuwa wakiwadhihaki Wajaluo? Nimelifikiri swali hili sana, na jibu langu ni hili. Katika Vitimbi tulicheka kiburi cha baba mwenye nyumba, na kiburi cha baba mwenye nyumba kiko katika kila kabila la Kenya. Matamshi yalikuwa nguo ya mchezaji, wala hayakuwa kosa la mshtakiwa. Na ndani ya mchezo wenyewe Mama Kayai alikuwapo, naye hakuwa mtu wa kumwachia mumewe neno lipite bila jibu. Mzaha ule ulikuwa na pande mbili kila wakati; ndiyo sababu Ojwang alipokufa alililiwa na watu wa makabila yote, na Wajaluo hawakuwa wa mwisho.

Wako pia waliomcheka asiyekuwapo na bado wakawa na haki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianzisha kundi la Redykyulass, wakamwigiza Rais Moi, sauti na fimbo, wakati yeye mwenyewe bado yu madarakani. Rais hakuwa studioni. Lakini nani alihitaji kumhurumia? Alikuwa na redio, runinga, magazeti, na nchi nzima ya kujibia. Kama yuko aliyepaswa kuogopa, ni wale vijana watatu. Kumcheka mwenye nguvu ni kumcheka mtu ambaye jibu lake laweza kufika kabla hujamaliza sentensi. Bawabu wa usiku hana redio.

Sasa warudie watu wa podikasti mbaya. Wameunda mahakama yenye mashtaka, yenye hukumu, yenye vicheko vya mashahidi, na kizimba kitupu. Mchekeshaji wa jukwaani, kama wale waliopanda jukwaa la Daniel Ndambuki ajulikanaye kama Churchill, angalau huwaona watu mbele yake. Akisema neno la kuumiza, safu ya tatu hunyamaza, naye hulisikia lile baridi, na akiwa na akili hugeuza njia. Mtu wa podikasti haoni safu ya tatu. Humwona rafiki yake tu, na rafiki yake anacheka. Neno lake husafiri mpaka katika sikio la mtu ambaye yeye hakumfikiria, likamwambia pale pale ndani ya sikio, ambapo hakuna hata jirani wa kumtazama machoni.

Nitakueleza jinsi nilivyojifunza hayo. Jioni moja mwaka jana wanachuo watano walikuja nyumbani kwangu Milimani kuandaa masomo yao ya mazoezi ya kufundisha. Stima ilipotea. Tukawasha mshumaa, na mmoja akaweka simu mezani tusikilize toleo jipya la podikasti ambayo sitaitaja. Wenyeji wake waliigiza bawabu anayempigia mwajiri wake simu kumwarifu kwamba gari limeibwa. Kichekesho chote kilikuwa katika herufi: kila mahali pa b bawabu alitia p, na kila mahali pa g alitia k. Hakukuwa na kisa kingine. Wanachuo wanne walicheka, nami, nakiri, nilicheka pamoja nao. Wa tano alicheka pia. Alichelewa kidogo, kisha akacheka kwa sauti kuliko sisi sote.

Juma lililofuata kijana huyo alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amepangiwa kufundisha Kiswahili katika Gredi ya Pili, naye aliomba abadilishiwe apewe hisabati. Nilishangaa, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wasomaji wazuri wa darasa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, katika kitabu kile somo la kwanza ni baba, bega, gari na godoro." Hakuongeza neno. Watoto wa Gredi ya Pili, nilitambua, husikiliza simu za kaka na dada zao. Alikuwa amekwisha kusikia kicheko chao kabla hajakanyaga mlango wa darasa. Nilimpa hisabati. Na usiku ule nilikumbuka kicheko changu mwenyewe penye mshumaa, nikaona haya.

Huenda, msomaji, ukasema kwamba mwalimu huyu anakuza jambo dogo. Herufi mbili, kicheko kimoja, kijana mmoja aliyekwenda kufundisha hesabu. Lakini mimi ni mtu wa Nakuru, na Januari 2008 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili katika mji huu. Mwishoni mwa mwezi ule mji uliwaka. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, ikataja pia vituo vya redio vilivyotangaza maneno ya chuki. Kabla ya mapanga kulikuwa na maneno. Na mengi ya maneno hayo sisi wanafunzi tulikuwa tumeyasikia kwanza kama mzaha: majina ya kuwapanga watu kwa meno yao, kwa matamshi yao, kwa chakula chao. Hata neno kama madoadoa, ambalo Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka mwaka 2022 katika orodha ya maneno ya chuki, ukilisikia mara ya kwanza ladhaniwa ni mchezo wa watoto.

Majirani zetu wa Rwanda waliona mbali zaidi ya hapo. Kituo cha RTLM kilianza kutangaza Kigali mwezi wa Julai 1993, na vijana walikipenda kwa muziki wake mzuri na kwa watangazaji walioongea kama marafiki baa, wakitaniana na kucheka hewani. Mzaha ule ndio uliofungua masikio. Na mwezi wa Aprili 1994 masikio yakiwa yamekwisha kufunguliwa, yakamiminiwa amri ya kuua. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waasisi wake mwaka 2003. Sisemi kwamba vijana wenye podikasti ni watu wa RTLM. Huo ungekuwa uongo, tena uonevu. Nasema kwamba mtu aliyezoea kumcheka jirani asiyekuwapo amejifunza nusu ya somo la kutomwona kuwa mtu. Wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Wako watu wawili watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Ni mzaha tu." Huyo namjibu kwa methali: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mgeuzie mzaha wake, umwigize yeye na mama yake, katika chumba asichoweza kuingia. Kisha umuulize kama bado ni mzaha tu. Wa pili atasema serikali izifunge podikasti hizi. Naye namkataa. Tunayo Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kwa wachochezi wa kweli. Lakini bawabu aliyeulinda mlango ule mmoja wa redio ya zamani simtamani tena, maana akisharudi atawafungia kwanza wanaomcheka mkubwa, na wanaomcheka mnyonge atawaacha wapite. Dawa ya mzaha usio na jibu ni jibu.

Nilijaribu dawa hiyo chuoni. Niliwapa wanafunzi kazi ya kurekodi kwa simu zao mazungumzo ya kuchekesha ya dakika ishirini, kwa sharti moja: mtu yeyote atakayefanyiwa mzaha, au aina yake ya watu, awemo chumbani akiwa na kipaza sauti. Walinung'unika kwamba nimewafunga mikono. Baada ya majuma mawili walileta kazi zao, na zilikuwa bora kuliko nyingi nilizozisikia kwenye simu. Sababu yake ni ya ufundi kabisa. Mzaha unaojibiwa hauwezi kusimama mahali pamoja. Aliyeurusha hulazimika kuurusha tena kwa ustadi zaidi, na msikilizaji hajui nani atashinda. Mzaha usiojibiwa hauna pa kwenda, hivyo hurudiwa, mara ya pili, mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi kila mara, na wenyewe wakicheka ili kuujaza upepo. Kumbe kasoro ile ya kwanza ya kucheka mapema, na hii ya pili ya kumcheka asiyekuwapo, ni mama na mwana.

Kijana wa hisabati alikuwa katika kundi moja. Katika rekodi yao aliwafundisha wenzake watatu kutamka maneno matano ya lugha ya mama yake. Walishindwa vibaya. Aliwasahihisha kwa upole wa kutisha, kama mkaguzi wa shule, akawapa alama, wa kwanza akapata mbili kwa kumi. Darasa zima lilicheka mpaka machozi, na yeye, kama Mzee Ojwang, hakucheka hata mara moja. Sikuambii kwamba aliponywa kila kidonda. Mazoezi ya kufundisha alifundisha hisabati, kama alivyoomba.

Basi, msomaji, toleo jipya litakapotoka juma hili, na wewe ukivitia vile vidude masikioni, sikiliza kama mhakiki. Jiulize: wamecheka kabla yangu, au wameniachia mimi nicheke? Wanamcheka nani? Je, yumo chumbani? Kama hayumo, je, ana nguvu ya kuwajibu kutoka huko aliko? Na kama angeingia sasa hivi, wangeendelea na sentensi ile ile, au wangekohoa na kubadili habari? Swali hili la mwisho litakusaidia kuliko yote. Na kama siku moja utakuwa wewe mwenye kipaza sauti, jambo ambalo kwa mwendo wa nyakati hizi laweza kuwa kabla hujamaliza shule, weka kiti kimoja zaidi katika chumba chako, ukamwite mtu akikalie.